Tippu Tip, mzee aliyejua kuficha buli nyeupe

Jioni ya siku ya paie, toka Wamaza mpaka Salamabila, vijana wa karyer wakiisha kunawa udongo wanapitia kwanza kwenye meza ya biyari. Wengi wanacheza ile ya kawaida, lakini wako wanaopenda ile ya buli tisa, na siye tunapenda kuitazama juu inaonyesha roho ya mtu. Sheria yake ni fupi. Buli ziko tisa, zimeandikwa 1 mpaka 9. Buli nyeupe lazima igonge kwanza ile yenye namba ndogo kuliko zote zilizobaki mezani. Anayeingiza 9 kwa haki ameshinda, hata kama zingine zote ziko bado pale. Basi kila mara mchezaji anasimama mbele ya swali moja: nipige niingize, ao nisiingize kitu, niguse tu pole pole na kuificha nyeupe nyuma ya buli zingine, mwenzangu akose njia? Mwenzake akishindwa kuigonga ile namba ndogo, yeye anapewa nyeupe mkononi, anaiweka popote anapotaka. Hapo meza imekuwa yake.

Kijana mwenye haraka anapiga kila kitu. Tumeona mtu akipoteza paie ya wiki nzima juu ya buli moja iliyoonekana rahisi, iko mbele ya shimo kabisa, na kumbe nyeupe ilipotoka pale haikuwa na pa kwenda. Mzee naye anazunguka meza mara mbili, anatazama, anapaka chaki, halafu anagusa kidogo tu na kurudi kukaa. Watu wanamcheka. Dakika kumi baadaye hawacheki tena.

Leo tunataka kuwaelezea maisha ya mtu mmoja aliyejua kutazama meza namna hiyo. Yeye hakushika fimbo ya biyari; alishika bunduki, pembe za tembo na watu, na meza yake ilikuwa nchi yetu hii, toka Kabambare mpaka Kasongo, Nyangwe na Lomami. Jina lake Hamed bin Muhammed el Murjebi. Watu wote wanamjua kama Tippu Tip. Wengine wanasema aliitwa hivyo juu ya macho yake yaliyokuwa yanapepesa-pepesa, wengine wanasema ni mlio wa bunduki zake. Mjuwe tangu mwanzo kwamba kwetu jina hili halisemwi kwa sauti moja. Kuna familia za Kasongo ambazo dini, mpunga na hata Kiswahili hiki tunachoandikia vilifika kwao kwa njia yake. Na kuna familia ambazo babu zao walipita njia ile ile na kamba shingoni. Mara nyingi ni familia za barabara moja, na mara zingine ni familia moja tu.

Alizaliwa Unguja, karibu mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyehamia Unyanyembe, kule Tabora, na akaoa huko binti wa watawala wa Wanyamwezi. Mama yake Hamed alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Maskati. Lakini ngozi yake ilikuwa nyeusi, ilitoka kwa bibi mmoja Mwafrika upande wa baba, na hakuona haya juu yake. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi alianza kutembea na wajomba zake kutafuta sandarusi pwani. Alipofika miaka kumi na minane baba yake akamchukua bara. Walivuka ziwa Tanganyika, wakaingia Urua, nchi ya Waluba. Pale kijana aliona kwa macho yake kitu kimoja: pwani pembe ni mali kubwa sana, na bara kuna masultani wenye mirundo ya pembe wasioijua bei yake ya pwani. Makreze wetu wanajua vizuri mambo ya bei ya kwenye shimo na bei ya mjini. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo iliyomfanya Hamed.

Pigo lake la kwanza kubwa lilikuwa la kushambulia, mwaka 1867, kwa sultani Nsama wa Itahua, kusini ya ziwa. Nsama alikuwa ameshapiga Waarabu waliotangulia, na jina lake peke yake lilitosha kugeuza misafara. Hamed akaingia. Kufuatana na maelezo yake mwenyewe, Nsama alimkaribisha vizuri, akamwonyesha pembe zake, halafu watu wake wakawarushia mishale ndani ya boma. Hamed mwenyewe alichomwa. Lakini watu wake walikuwa na bunduki zimejaa tayari, na watu wa Nsama walikuwa wamesimama karibu sana, wamesongamana. Boma likaanguka siku ile ile. Alitoka pale na pembe nyingi, na shaba, na chumvi, na jina. Mwaka huo huo alikutana na mzee Livingstone aliyekuwa anahangaika njiani, akamsaidia.

Kijana mwingine baada ya ushindi kama ule angepiga kila boma lililoko mbele yake. Na kweli alipiga mengi, tusimfanye mtakatifu. Lakini tazameni alivyofanya alipofika pande za Lomami, kama miaka mitano baadaye.

Kule Utetera kulikuwa sultani mzee anaitwa Kasongo Rushie. (Msimchanganye na mji wetu, ni jina tu linafanana.) Alikuwa na nchi kubwa, watu wengi, na pembe ambazo hakuna mtu wa pwani aliyekuwa ameshazihesabu. Kupigana naye ingekuwa vita ya miezi mingi, mbali na baruti, mbali na njia ya kurudi. Hamed alikuwa amesikia njiani habari ya zamani: kwamba sultani mmoja wa Waluba aliwahi kuvamia nchi ile na kuchukua wanawake wawili wa ukoo wa Kasongo Rushie, wakapotea. Akashika ile habari. Akajulisha watu majina, akasema mmoja wa wale wanawake alinunuliwa na babu yake, akamzalia mama yake. Kwa hiyo yeye Hamed si mgeni, ni mjukuu amerudi nyumbani. Mzee Kasongo Rushie, aliyekuwa amewalilia wale ndugu maisha yake yote, akaamini. Ao alitaka kuamini, tusimdharau. Mzee aliyeona bunduki zile mlangoni pengine naye alikuwa anatazama meza yake. Akampa Hamed utawala, na pembe zote zikaanza kuletwa kwake kama haki ya sultani.

Wachezaji wa buli tisa watatambua pigo hili. Unagonga 1, ile 1 inaenda kugonga 9, na 9 inaanguka shimoni wakati buli zingine saba ziko bado mezani. Lakini pigo hilo linatoka tu kama buli zimejipanga zenyewe. Ukililazimisha, unafungulia mwenzako kila kitu. Hamed hakulilazimisha. Aliona zimejipanga.

Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alikutana naye, na Hamed akamwonyesha njia. Kisha akaja kukaa Kasongo, na toka hapo Kasongo ikakua. Waliopita wameeleza mashamba ya mpunga, michungwa, mapera, mahindi, nyumba kubwa za Kiarabu zenye milango ya kuchongwa. Na nyuma ya hayo yote kulikuwa kazi ya watu wasiolipwa. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili za pembe, ndio kilo zaidi ya 30, begani, toka Kasongo kupita Kabambare mpaka ziwani, kisha Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo. Toka Ujiji peke yake mpaka baharini ni zaidi ya kilometre 1.000. Wanaobeba mifuko ya mchanga kutoka shimoni wanajua kilo 30 inafanya nini mgongoni kwa saa moja. Fikirini miezi. Na wengine waliobeba, walipofika pwani, waliuzwa wao wenyewe pamoja na mzigo.

Mwezi wa kumi 1876 Stanley akafika Maniema. Alitaka kushuka mto Lualaba mpaka atakapojua unaishia wapi, na watu wake walikuwa wanaogopa msitu. Akamwomba Tippu Tip amsindikize vituo 60, kwa malipo makubwa ya dola. Ndugu zake Tippu Tip walimwambia hii ni wazimu. Yeye akakubali, lakini angalieni alivyokubali: vituo vilihesabiwa, malipo yaliandikwa, na mahali pa kurudi palijulikana. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 mwezi wa 11. Msitu ukawapiga, ndui ikaingia kambini, watu wakafa kila siku. Mwisho wa mwezi wa 12, Tippu Tip akasema basi, akarudi na watu wake. Stanley akaendelea, na mwaka uliofuata akatokea Boma, nusu ya watu wake wameisha. Dunia ikamsifu Stanley. Tippu Tip naye alirudi kwa pembe zake, na sasa alikuwa anajua njia ya kwenda kaskazini ya mto, pahali ambapo hakuna mtu wa pwani alikuwa ameshafika na biashara.

Hapa tunapumzika kidogo, juu mambo yaliyofuata ndiyo yanatuhusu zaidi.

Mwaka 1882 Tippu Tip alirudi Unguja na msafara mkubwa wa pembe. Njiani alipatana na Mirambo, yule mfalme wa Wanyamwezi aliyepigana na Waarabu miaka na miaka. Watu walingoja damu. Wale wawili wakafanya urafiki. Mirambo alikuwa na njia mkononi, Tippu Tip alikuwa na mali ya kupitisha. Kila mmoja aliona kwamba kumpiga mwenzake ni kujifungia njia mwenyewe. Unguja, Sultani Barghash akamwambia arudi haraka Maniema kuishikilia nchi kwa jina lake, juu wazungu wameanza kuingia toka upande wa mto. Tippu Tip akarudi, akafika mpaka maporomoko ya Boyoma, yale yaliyoitwa Stanley Falls. Wazungu wa mfalme Leopold nao walikuwa wameshaweka kituo pale. Mwaka 1885, kule Berlin, makaratasi yakawekwa sahihi, na nchi yetu ikaitwa ya Leopold bila mtu yeyote wa Kasongo kuulizwa.

Mwezi wa nane 1886, Tippu Tip akiwa hayupo, ugomvi ulizuka Boyoma juu ya mwanamke mmoja mtumwa aliyekimbilia kwa wazungu. Deane, mkubwa wa kituo, akakataa kumrudisha. Waarabu wakashambulia, baruti ya Deane ikaisha, akachoma kituo na kukimbia msituni. Kwa watu wengi wa pwani ule ulikuwa ushindi: wazungu wamefukuzwa, mto ni wetu.

Tippu Tip alikuwa safarini kwenda Unguja. Akamkuta Barghash amebadilika kabisa. Wadachi walikuwa wameshachukua bara ya Tanganyika kwa karatasi, Waingereza walikuwa wamekaa mlangoni mwake, na Sultani akamwambia waziwazi kwamba hana tena nguvu ya kutaka nchi za ndani, hata Unguja yenyewe inamtoka mikononi. Tippu Tip anaeleza kwamba aliposikia vile alijua mambo yameisha. Mtu anayemtegemea amesema mwenyewe hana baruti. Sasa kama wewe ni Tippu Tip unafanya nini? Una maelfu ya bunduki Maniema, lakini baruti yake yote inapita pwani, na pwani sasa ni ya wazungu. Wakifunga bandari mbili tatu, bunduki zile zinakuwa fimbo za kutembelea.

Ndipo akafanya lile pigo ambalo watu wengi hawajamsamehe. Mwezi wa pili 1887, Unguja, aliweka sahihi na Stanley: anakuwa wali wa Stanley Falls kwa jina la Leopold, mshahara pauni 30 kwa mwezi. Mtu mwenye mali ile akawa anapokea mshahara kama karani! Akapanda meli pamoja na Stanley, wakazunguka Afrika yote ya kusini mpaka mdomo wa mto Kongo, wakapanda mto, na akarudi Boyoma na bendera ya bluu yenye nyota. Wako ndugu zake walioona amewauza. Siye tunaona hivi: alificha buli nyeupe. Leopold hakuweza kumpiga mtu aliyekuwa mfanyakazi wake mwenyewe, na biashara ya pembe ikaendelea. Kwa miaka kama mitano vita kubwa haikuja Maniema. Hilo si jambo dogo, na lazima lisemwe.

Lakini uvamizi wa vijiji haukusimama. Kwenye karatasi, wali alitakiwa kuzuia biashara ya watu. Kwenye msitu, watu wake waliendelea kuchoma na kufunga. Yule aliyetulia alikuwa Tippu Tip na Leopold. Mwanamke wa kijiji cha Lomami hakujua kwamba kuna amani.

Mambo ya Stanley nayo yakaharibika. Tippu Tip alikuwa ameahidi wapagazi 600 kwa ile safari ya kumwokoa Emin Pasha. Watu walichelewa, mizigo ikawa mizito kuliko walivyopatana, maofisa wawili wa kizungu, Barttelot na Jameson, wakafa mwaka 1888. Stanley akamshitaki Unguja. Basi mwaka 1890 Tippu Tip akafunga safari. Aliacha Boyoma kwa Rashid, mtoto wa ndugu yake, na Kasongo kwa Sefu, mtoto wake mwenyewe. Akapita njia ile ile ya Kabambare, akaugua njiani, akafika Unguja mwezi wa saba 1891. Mashitaka hayakumfanya kitu. Na hakurudi tena Maniema.

Sasa tazameni meza aliyomwachia Sefu.

Watu wa Leopold walikuwa wameanza kunyang'anya pembe. Mwaka 1891 serikali ya Leopold ilitoa amri kwamba pembe za pande za Uele na Aruwimi ni mali ya Leta, na msafara wa Van Kerckhoven ukapita kaskazini ukichukua za Waarabu kwa nguvu. Kule Riba Riba, mwaka 1892, mfanyabiashara Hodister na wenzake wakauawa. Na upande wa Lomami alikuwa Ngongo Lutete.

Ngongo alikuwa amekamatwa akiwa mtoto, akakua utumwani chini ya watu wa Tippu Tip, akapewa uhuru juu ya ushujaa wake, mpaka akawa mkubwa wa Ngandu na jeshi lake mwenyewe. Pembe alizokusanya zilienda kwa Sefu. Mwaka ule wa 1892 Ngongo alipigana na Mbelgiji Dhanis na kushindwa mara kwa mara. Mwezi wa tisa akageuka: akawa rafiki wa Dhanis. Yeye pia alijua kusoma meza, huyu.

Sefu akakasirika, na tunamwelewa. Mtu wake amekwenda na mali yake. Akadai Ngongo arudishwe. Dhanis akakataa. Hapo Sefu alikuwa na njia mbili. Njia ya baba yake ingekuwa kukaa ng'ambo ya Lualaba, kushika mto, kushika mitumbwi ya Wagenia, kungoja. Dhanis alikuwa na askari wachache, mbali na chakula, na rafiki mpya ambaye hakuna aliyejua atabaki rafiki mpaka lini. Mto ule mkubwa ulikuwa ukuta. Meza ilikuwa imefungwa vizuri, ilitosha kuiacha imefungwa.

Sefu akapiga. Alivuka Lomami na jeshi kubwa kwenda kumtafuta Ngongo. Tarehe 23 mwezi wa 11 mwaka 1892, pale Chige, mvua ilinyesha, na bunduki za kujaza kwa mdomo hazipendi mvua. Za askari wa Dhanis na Michaux zilikuwa za risasi za kisasa. Watu wa Sefu wakarudi mtoni mbio, wengi wakafia majini. Mwezi uliofuata, Kasongo, Wabelgiji wawili waliokuwa wanakaa pale kama wajumbe, Lippens na De Bruyne, wakauawa. Toka hapo hakukuwa na mlango wa kuzungumza tena.

Mwinyi Mohara wa Nyangwe akauawa mwezi wa kwanza 1893. Nyangwe ikaanguka tarehe 4 mwezi wa tatu. Kasongo ikaanguka tarehe 22 mwezi wa nne, kwa muda wa saa chache tu, na askari wakakuta ndani ya nyumba sukari, mishumaa, vioo, vitanda vizuri. Mji ulikuwa unaishi kama kwamba vita ni ya watu wengine. Sefu akakimbilia kwa Rumaliza, mkubwa wa Ujiji. Akafa vitani mwezi wa kumi mwaka huo. Ngongo Lutete naye hakufaidi: mwezi wa tisa 1893 wazungu wenyewe, marafiki zake, walimshitaki kwa usaliti wakampiga risasi Ngandu, na miaka miwili baadaye askari waliokuwa watu wake wakaasi Luluabourg. Tarehe 25 mwezi wa kwanza 1894 Kabambare ikachukuliwa. Rumaliza akavuka ziwa. Ikaisha.

Watu wanapenda kusema kwamba Sefu alikuwa mjinga na baba yake alikuwa na akili. Siye hatukubali upesi hivyo. Mwisho ungekuwa ule ule pengine, kwa miaka mitano ao kumi zaidi. Leopold alitaka pembe, baadaye alitaka kauchuku, na hangeacha Maniema kwa Mwarabu yeyote. Sefu alikosea kuvuka Lomami. Lakini ni nani alimwachia meza ile? Kwenye biyari, ukificha nyeupe, anayekuta shida ni adui yako. Tippu Tip alificha nyeupe mara nyingi na vizuri sana, ila mara ya mwisho aliinuka akaenda nyumbani, na aliyekuja kushika fimbo nyuma yake alikuwa mtoto wake. Bendera ya Leopold aliyoipandisha mwenyewe Boyoma, Rashid na Sefu ndio waliachiwa kuishi nayo. Mapatano yalikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa Unguja, chini ya mikarafuu yake.

Na nyuma ya Sefu walikuwa wengine waliokuta meza mbaya zaidi, ambao hawakuwa wamealikwa kwenye mchezo. Vijiji vya njia ya Kabambare vilikuwa vimelisha misafara ya Waarabu miaka ishirini. Sasa vikalisha jeshi la Dhanis, jeshi la Ngongo na jeshi la Rumaliza kwa zamu. Wapagazi wale wale waliobeba pembe za Tippu Tip wakabeba masanduku ya risasi ya Leta. Wenye makampuni walipokuja kutafuta dhahabu na kasiterite baada ya miaka, walikuta watu ambao walikuwa wameshazoeshwa kwa nguvu kubeba mali ya wengine kwenda mbali. Tunaposimuliana kwamba mzee alicheza kwa akili, tukumbuke na ubao wa meza umetoka wapi.

Tippu Tip aliishi Unguja miaka kumi na minne tena. Alikuwa na mashamba mengi ya karafuu na majumba. Aliburutana mahakamani na Rumaliza juu ya mali ya Maniema, wazee wawili wakigombania hesabu za nchi ambayo hakuna kati yao aliyekuwa nayo tena. Mjerumani Brode akamwomba aandike maisha yake, na Tippu Tip akayaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Yakachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Ni moja ya vitabu vya kwanza vya mtu kueleza maisha yake mwenyewe kwa lugha yetu, na ndani yake majina ya mito na masultani wa kwetu yamejaa. Anaeleza pembe kwa frasila, moja moja, kama négociant mwenye daftari. Waliobeba hana namba yao.

Alikufa na malaria mwezi wa sita 1905. Nyumba yake ya Mji Mkongwe iko bado, na watalii wanaonyeshwa mlango wake. Mji wake wa Kasongo wa zamani ulibaki magofu. Kasongo mpya ikajengwa pengine, na pale pa zamani watu wanapaita Tongoni.